Dada Yangu Hapendi Mbio

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa mwaka wa kundi letu la wakimbiaji. Waliokosa kufika wameyaomba, nami nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Mheshimiwa mwenyekiti, wakimbiaji wenzangu wa siku nyingi, na ninyi mliojiunga mwaka huu ambao raba zenu bado zinang'aa, hamjambo?

Hamjambo tena? Mnaitikia kama watu waliokwisha kukimbia kilomita ishirini asubuhi hii, na nawajua wanne humu ambao wamefanya hivyo kweli.

Mwenyekiti aliponiita nizungumze na wageni wetu, nadhani alitarajia nizungumzie nidhamu, kuamka mapema, kutokata tamaa. Samahani, mwenyekiti. Watu wanaoamka wenyewe alfajiri bila kulipwa hawahitaji mtu wa kuwatia moyo. Moyo wanao tele. Leo nataka kuzungumzia kinachotokea moyo huo unapojaa mpaka ukaanza kumwagikia jirani.

Miezi michache iliyopita mmoja wetu, simtaji, na namwona anainama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, alipiga picha akiwa barabarani alfajiri. Nyuma yake nyumba za watu, mapazia yamefungwa, taa zimezimwa. Akaituma kwenye kundi letu la simu na maneno mawili: "Wafu wamelala." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaongeza na la kwangu ambalo sitalirudia hapa kwa kuwa nawaona watoto.

Jioni nikaitazama tena ile picha. Nikajiuliza, ndani ya zile nyumba kulikuwa na nani? Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku? Mama aliyekesha na mtoto mchanga? Mgonjwa? Nikaona aibu. Nikaanza kuwatafutia watu nisiowajua udhuru wa kulala, mmoja baada ya mwingine, kama wakili. Nikalala nikijiona mtu mwema. Kumbukeni hapo, kwa sababu nitaparudia. Nilikosea mara mbili siku ile, na kosa la pili ndilo lililonileta mbele yenu.

Wazee walisema: akipenda, chongo huita kengeza. Methali hii tunaitumia kumcheka mtu aliyependa penye kasoro. Lakini hebu igeuzeni kidogo. Aliyependa anaona kengeza, asiyependa anaona chongo, na wote wawili wana macho mazima. Sisi tunaamka gizani, tunatoka jasho, kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi na kung'oka, halafu tunarudi nyumbani tukiimba. Mwenzako akiitazama kucha yako nyeusi akasema, "Hii ni kucha nyeusi," amekosea nini? Kuna uongo wowote aliousema?

Tatizo la mapenzi ni kwamba yanatafuta wenzake. Mtu akipenda kitu hakai nacho kimya. Mimi niliwahi kukaa meza moja na mzee mmoja kwenye harusi ya binamu yangu. Mzee wa watu, mtulivu, amevaa vizuri. Nikaanza kumweleza kwa nini marathoni ina kilomita 42.195 na siyo 42 kamili. Nikamwambia habari za Olimpiki ya London ya mwaka 1908, jinsi mbio zilivyoanzia kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Nikamwambia kwamba kabla ya hapo na hata baada ya hapo umbali ulikuwa unabadilika kila mashindano, mpaka mwaka 1921 ule wa siku ile ya London ukafanywa ndio rasmi. Nikamchambulia zile mita 195 za mwisho. Maharusi wakaingia. Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele, watu wanapiga picha. Mimi bado niko Windsor.

Nilipomaliza, mzee akaniuliza swali moja tu. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa wa ngapi?"

Cheka tu, mwenyekiti, usijizuie. Sijawahi kuwa wa ngapi popote. Lakini mnajua niliondoka pale mezani nikiwaza nini? Niliwaza: mzee huyu hana udadisi. Dakika arobaini alizonivumilia sikuziona. Niliona tu kwamba macho yake hayakuwaka kama yangu.

Nikisema hivi nisieleweke kwamba wapenda mbio ndio wabaya. Ni ugonjwa wa kila mpenda kitu. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, kuanzia mwaka 1846 hadi 1854 alitumia miaka minane kuchunguza aina moja ya vijinyama vya baharini, vile vyenye gamba gumu vinavyoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya meli. Miaka minane, hadubini mezani, makopo ya sampuli, kisu kidogo. Watoto wake walizaliwa na kukua wakimwona baba yao akifanya hivyo. Inasimuliwa kwamba mtoto wake mmoja alipokwenda nyumbani kwa jirani aliuliza, kuhusu baba wa nyumba ile: "Na yeye vijinyama vyake anavifanyia wapi?"

Mtoto hakuwa na kosa. Alidhani hiyo ndiyo kazi ya akina baba wote duniani. Lakini wangapi kati yetu tuna miaka arobaini na tunauliza swali lile lile? Tunaingia nyumbani kwa mtu na kuuliza, kwa maneno au kwa macho: wewe mbio zako unakimbilia wapi? Na asipokuwa na jibu tunamhurumia.

Darwin mwenyewe alikichoka kitu chake. Mwaka 1852, katikati ya ile kazi, alimwandikia rafiki yake barua akisema anavichukia vile vijinyama kuliko mtu yeyote aliyewahi kuvichukia, hata kuliko baharia kwenye meli inayokwenda polepole. Na akaendelea navyo miaka miwili mingine! Uzeeni aliandika kwamba mashairi, ambayo alikuwa akiyapenda sana ujanani, hayakumwingia tena. Alijaribu kumsoma Shakespeare akamchosha mpaka kichefuchefu. Alijuta kwa hilo, alisema akili yake imekuwa kama mashine ya kusaga. Sasa fikirini, angekuja mpenda mashairi akamkuta mzee yule na kumwambia kwamba ni mtu asiye na hisia. Angekuwa amemhukumu nani? Yule kijana aliyetembea na vitabu vya mashairi, au yule mzee? Mtu ni yule yule.

Sasa niwaambie habari za dada yangu.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka thelathini na saba, baada ya ngazi za ofisini kunishinda. Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanafunzi mnyenyekevu. Mwaka wa pili nikawa mhubiri. Dada yangu ananizidi miaka sita, na kwa kuwa ndiye aliyenilea kwa sehemu kubwa, niliona nina deni la kumwokoa. Nikamnunulia raba. Sikumuuliza namba ya mguu wake, niliikagua kwenye viatu vyake vilivyokuwa mlangoni, kama mwizi. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea dua. Wiki ya pili nilimkuta amezivaa anamwagilia maua.

Raba za mbio, ndugu zangu. Kwenye matope!

Sikukata tamaa. Nikaanza kumpigia simu kila siku saa kumi na moja alfajiri. "Dada, amka, ni sasa hivi." Siku za kwanza alipokea na kusema, "Nimeamka, mdogo wangu," kisha nasikia shuka. Wiki tatu nilipiga. Asubuhi moja hakupokea mara mbili, mara ya tatu akapokea, nami nikamwambia kwa hasira: "Dada, wewe hujipendi."

Kimya. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, mimi najipenda. Kukimbia ndiko nisikokupenda."

Akakata simu. Miezi mitano tulibaki na salamu za sikukuu tu.

Mnajua nilifanya nini katika miezi hiyo mitano? Niliendelea kuchunguza. Nilimuuliza kaka yetu kama dada ana shida ya goti. Hana. Pumu? Hana. Presha? Daktari alimpima, akamwambia yuko sawa. Pengine aliwahi kuanguka shuleni wakamcheka? Kaka yangu akachoka na mimi. Akaniambia, "Wewe unatafuta nini? Hapendi. Basi."

Basi. Ni neno fupi, lakini lilinichukua muda mrefu kulimeza, na nataka mnisaidie kuliangalia kwa sababu hapa ndipo mazungumzo yangu yote yalipo.

Nilikuwa tayari kumsamehe dada yangu. Kabisa. Ilimradi apatikane na udhuru. Goti bovu lingemwokoa. Kumbukumbu mbaya ya utotoni ingemwokoa. Ndivyo nilivyofanya na ile picha ya nyumba zilizofungwa: niliwatafutia waliolala zamu za usiku na watoto wachanga, nikawaachia huru. Nikajiona nimeacha kuhukumu. Kumbe sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimebadilisha hukumu tu, kutoka kifungo kwenda msamaha. Lakini anayesamehe naye ameketi kwenye kiti cha hakimu, sivyo? Nani alinipa kile kiti? Nani alimfungulia dada yangu kesi? Na yule aliyelala kwenye nyumba ile kwa sababu tu usingizi wa alfajiri ni mtamu, yeye anahitaji msamaha wa nani?

Mara nyingi tunafundishwa kwamba dawa ya kuhukumu ni kumwelewa mtu, kujua anapitia nini. Si vibaya, mara nyingi inasaidia. Lakini kwa mambo kama haya ya kwetu, mimi naona inatuacha njiani. Inafanya kila mtu adaiwe maelezo. Kuna watu hawana maelezo. Wana jibu tu, na jibu ni hapana.

Baadaye nikaumia. Wa zamani mnakumbuka, kano ya kisigino. Maumivu yalianza kidogo, daktari akaniambia nipumzike, nikapumzika siku mbili, nikarudi barabarani. Miezi minne sikukimbia. Katika kipindi hicho nilisoma habari za mwanasaikolojia mmoja wa Kanada, Robert Vallerand, ambaye mwaka 2003 yeye na wenzake waligawa shauku katika aina mbili. Kuna shauku ambayo wewe umeishika, inakaa vizuri na mambo mengine ya maisha yako. Na kuna shauku ambayo yenyewe imekushika wewe. Waliwachunguza waendesha baiskeli, na wale waliong'ang'ania kuendesha hata majira ya baridi, kwenye barafu, ambapo mtu mwenye akili timamu anaiweka baiskeli ndani, walikuwa na ile ya pili zaidi kuliko waliopumzika. Nikatazama kisigino changu kilichofungwa bandeji. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Na nikaanza kuona kitu kingine, ingawa hili ni la kwangu, msimsingizie profesa. Kitu kikikushika hivyo, unakuwa ndicho wewe. Mtu akisema hapendi mbio, unasikia hakupendi wewe. Ndiyo maana yale maneno ya dada yalinichoma kiasi kile. Hakuwa amenigusa hata kidogo, lakini mimi nilikuwa nimejijenga barabarani, katikati ya njia, mtu akipita lazima anikanyage.

Dada alisikia nimeumia akaja. Hakusema "nilikwambia." Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akatoa nyuzi zake na sindano, akaanza kufuma. Dada yangu anafuma tangu mimi sijui kusoma. Mablanketi, kofia za watoto, sweta. Nikamuuliza, nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, anafuma nini. Akanieleza. Ndugu zangu, alinieleza! Mshono huu na ule, kwa nini uzi huu haupotoki, kwa nini ukikosea mstari wa kumi unafumua mpaka wa nane. Uso wake uliwaka. Na mimi, baada ya dakika kumi hivi, akili yangu ikaondoka. Nikawa nahesabu wiki za kurudi mazoezini. Mimi ndiye niliyekuwa yule mzee wa harusini, isipokuwa yeye alikuwa na adabu zaidi.

Dada akaliona. Akacheka, akasema, "Haya, tuache. Mguu unauma?" Yakaisha hapo. Hakunifikiria kwamba mimi ni mvivu wa mikono. Hakuniletea sindano siku ya pili.

Nilikaribia kuharibu tena, nikiri. Maana nilipogundua ana kitu anachokipenda hivi, nilifurahi, nikawaza: kumbe naye ana lake! Nikampa maksi. Mnaniona? Bado niko kwenye kiti kile kile. Sasa nimeongeza sheria: si lazima mtu akimbie, ila lazima awe na kitu kinachomwasha. Na asiye nacho je? Nina jirani ambaye, kwa miaka yote tuliyokaa jirani, sijamwona na jambo lolote la namna hiyo. Hachezi, hafumi, hakusanyi kitu, hashabikii timu. Anatoka kazini, anakaa kibarazani, anatazama watu wanavyopita, anaingia kulala. Nikipita nakimbia ananipungia mkono. Kwa muda mrefu niliona maisha yake yana pengo. Siku hizi ninapompita najiuliza yeye ananionaje: jitu zima linalokimbia bila kukimbizwa. Na bado ananipungia.

Kipendacho moyo ni dawa, walisema. Hawakusema dawa ya nani. Dawa iliyoandikwa jina lako ukimnywesha mwenzako kwa nguvu, hata hospitali watakushangaa.

Najua kuna mmoja amekunja uso. Anasema: mzee, hii si kufuma. Hii ni afya. Sisi tuko sahihi. Na kweli, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu ya hizo yakiwa mazoezi makali. Kwa hiyo tuko sahihi kwamba mwili unahitaji kujongea. Ila someni vizuri: kutembea kwa haraka kumo. Halikusema alfajiri. Halikusema raba. Halikusema kabisa saa ya mkononi inayopiga kelele kila kilomita.

Lakini sitaki kulikwepa swali lako kwa mzaha, kwa sababu ni gumu. Mtu akiwa sahihi kweli, na jambo ni la kufa na kupona, anyamaze? Hasha. Niwape mfano wa mtu aliyekuwa sahihi kuliko sisi sote humu ndani.

Ignaz Semmelweis alikuwa daktari kutoka Hungaria, akifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao. Kwenye ile ya madaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi zaidi, mpaka wengine walilia wakiomba wasipelekwe huko. Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na dalili zile zile za wale akina mama. Semmelweis akaunganisha. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mikono yao ndiyo iliyokuwa inabeba kifo. Aprili mwaka ule, katika wodi ile walikufa zaidi ya wanawake 18 kati ya kila 100. Katikati ya Mei akaagiza kila mtu anawe kwa maji yenye klorini. Juni wakafa wawili hivi kati ya kila 100.

Hebu tulieni na hesabu hiyo. Alikuwa sahihi kiasi hicho.

Wengi hawakukubali. Na fikirini walichokuwa wanaombwa kukubali: kwamba wao, kwa mikono yao, waliwaua akina mama waliokuja kwao kusaidiwa. Gustav Michaelis, daktari wa Kiel, alikubali. Alianzisha kunawa hospitalini kwake. Lakini alikuwa na binamu aliyemhudumia mwenyewe, akafa kwa homa ile ile, na mzigo wa kujua ukamshinda. Alijiua mwaka 1848. Ukweli huu haukuwa mwepesi kubeba hata kwa aliyeupokea.

Semmelweis aliuguza hasira yake miaka mingi. Mwaka 1861 alichapisha kitabu chake, na akaanza kuandika barua za wazi kwa maprofesa waliompinga, akiwataja kwa majina, akiwaita wauaji mbele ya Mungu na dunia. Mwaka 1865 alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, na baada ya wiki mbili akafa kwa jeraha lililooza. Alikuwa na miaka 47. Miaka miwili baadaye Joseph Lister alichapisha kazi yake ya kuua vijidudu kwenye upasuaji, na dunia ikaanza kugeuka.

Sisemi kwamba Semmelweis angekuwa na ulimi mtamu wangemsikiliza. Walistahili kukasirikiwa. Wanawake walikuwa wanakufa, na aliyejua asingeweza kukaa kimya akajiita mpole. Simlaumu. Ninalowaulizeni ni hili: sisi tunapompigia mtu simu alfajiri na kumwambia hajipendi, ni wodi gani tunayoiokoa? Ile hasira ya Semmelweis tumeiazima, tumeivaa, tunaitumia kwenye jambo la kilomita tano za asubuhi. Hiyo hasira ina gharama, na yeye aliilipa. Haifai kuvaliwa kama fulana.

Kwa hiyo tufanyeje na mapenzi haya? Tuyafiche? Hapana, mimi siwezi hata nikitaka, mwulizeni mzee wa harusini.

Mwaka 1812, London, alikuwepo kijana mmoja fundi wa kujalidi vitabu, mtoto wa mhunzi, jina lake Michael Faraday. Mteja mmoja wa duka alilofanyia kazi alimwona anavisoma vitabu vya sayansi anavyovijalidi, akampa tiketi za kwenda kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Tiketi tu. Kijana akaenda, akaandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi yake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi kwenye maabara yake, na yaliyobaki ni historia ya umeme. Faraday alipokuwa mkubwa alikuwa akiwaita watoto kwenye mihadhara, anawasha mshumaa mmoja mezani na kuwafundisha kemia nzima kutoka kwenye ule mwali.

Kinachonipendeza ni ile tiketi. Yule mteja alimtazama kijana kwanza, akaona anapenda nini, ndipo akampa. Mimi nilikagua viatu vya dada yangu, yeye mwenyewe sikumtazama. Na tiketi, ukiipewa, unaweza kuiacha mezani. Faraday asingekwenda, mteja angepokea kitabu chake kilichojalidiwa na kwenda zake, na hakuna ambaye angekuwa na deni.

Basi ninyi wapya, mkialika watu, na mtaalika, najua, hamtajizuia, alikeni mara moja. Mtu akisema hapana, mwulizeni habari za watoto wake. Akitaka kujua kuhusu kucha yako nyeusi, mwonyeshe, mweleze mpaka achoke, ukiona macho yake yameondoka simama hapo hapo. Na ile picha ya nyumba zilizofungwa, mwenye nayo ameniambia wakati wa chai kwamba ameifuta. Asante, ndugu yangu. Sasa unaweza kuacha kamba za viatu.

Nimemaliza muda wangu, mwenyekiti ananionyesha saa. Nina neno moja la mwisho, la ratiba. Dada yangu yuko humu, amekaa ule mstari wa nyuma, mwenye nyuzi za rangi ya machungwa mapajani. Nilimwomba ruhusa ya kuisimulia habari yake, akasema atakuja mwenyewe ahakikishe sijaongeza chumvi. Dada, kuhusu matope, nimeongeza? Anasema yalikuwa matope kweli.

Kesho mazoezi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mahali pale pale. Yeye atakuwa amelala, na simu yangu itakuwa mfukoni.